Anatoka Songea, Anakwenda Songea

Kitabu cha wageni kilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kabila, kazi, anatoka, anakwenda, namba ya chumba, saini. Usiku wa kwanza, Mei 2015, nilikijaza bila kuwaza. Kabila: Mngoni. Kazi: mwalimu. Anatoka: Muheza. Anakwenda: Songea.

Kesho yake jioni, nikitoka kuripoti kazini, kaka wa mapokezi alinisogezea tena lile daftari.

"Si niliandika jana, kaka?"

"Kila usiku unaandikwa, mwalimu. Polisi wakipita kukagua wakute jina la leo."

Nikashika kalamu, nikakwama. Muheza sikuwa nimetoka siku hiyo. Na kwenda, sikuwa nakwenda popote. Mwishowe nikaandika: Anatoka: Songea. Anakwenda: Songea. Yule kaka akageuza daftari, akasoma, akacheka. "Sasa hiyo ni safari gani, mwalimu?"

Safari hiyo ilichukua usiku 220.

Watu wa mbali wakisikia mtu ameishi hotelini miezi saba, huwaza shuka nyeupe na mayai ya kukaanga. Kwetu bara neno hoteli lina ujanja wake. Mtu akikwambia "twende hotelini" huenda anamaanisha wali maharage na chai ya rangi. Pa kulala tunapaita gesti, au kwa adabu zaidi nyumba ya kulala wageni. Na neno gesti nalo lina kivuli chake. Mwanaume akisema anakaa gesti, watu huuliza yuko kikazi wapi. Msichana akisema hivyo, watu hunyamaza. Wiki ya pili, mwalimu mwenzangu mmoja, mama wa makamo, alinivuta pembeni wakati wa chai. "Mdogo wangu, usiwe unasema unakaa gesti. Ukiulizwa, sema unakaa kwa shangazi."

Nikawa nasema hivyo. Shangazi sikuwa naye.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Chumba kisicho na choo ndani kilikuwa shilingi 10,000 kwa usiku. Nilipoomba kukaa muda mrefu, mzee mwenye nyumba akanipunguzia hadi 7,000, nilipe kila Jumatatu. Kwa mwezi ni 210,000. Chumba cha kupanga kule Bombambili au Mjimwema, cha hali ya kawaida, nilikiona kwa 35,000 kwa mwezi. Lakini hakuna aliyetaka mwezi. Walitaka miezi sita, wengine mwaka. Miezi sita ya 35,000 ni 210,000.

Soma tena namba hizo. Fedha ya mwezi mmoja wa gesti ndiyo iliyokuwa kodi ya nusu mwaka. Niliifanya hesabu hiyo nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, nikaifanya tena nikidhani nimekosea. Tofauti ilikuwa moja tu: gesti iliikubali fedha yangu vipande vipande, mwenye chumba aliitaka nzima. Na mimi fedha nzima sikuwa nayo. Nilikuja na posho ya kujikimu ya siku saba. Mshahara wa kwanza ulitoka mwezi wa tatu, ukakuta deni la gesti, deni la duka, na makato ya mkopo wa chuo. Na hata ningepata chumba, chumba kitupu hakilaliki: godoro, neti, pazia, jiko, sufuria, ndoo mbili.

Sitasema gesti haina faida. Kila wiki shuka zilibadilishwa. Mlinzi alikesha mlangoni. Bili ya maji na umeme haikunihusu, ingawa huo umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018, na kabla ya hapo mji uliendeshwa zaidi na mitambo ya dizeli. Juni na Julai, baridi ya Songea inapouma, niligongewa mlango saa 11 alfajiri: "Mwalimu, maji ya moto tayari." Nani angenichemshia maji kwenye chumba cha kupanga?

Lakini kupika ni marufuku, na hapo ndipo gesti inapokufilisi. Chai na chapati asubuhi, wali wa mama ntilie mchana, ugali wa jioni: hata ukijibana ilikuwa 4,500 kwa siku, 135,000 kwa mwezi. Ukinunua hita ya kuchemshia chai kwa siri, unaishi kwa wasiwasi kama mwanafunzi wa bweni. Ukiugua, uji unaagiza. Unajifunza pia kutokununua vitu. Miezi saba nilikuwa na begi moja, na kila nilichotamani nilijiuliza kama kitaingia humo.

Ni begi hilo lililonikumbusha babu.

Babu yangu alikuwa Mngoni wa Songea, aliyefia Muheza. Alitoka huku akiwa kijana, katika miaka ya 1940, akaenda kukata mkonge. Aliitwa manamba, kama walivyoitwa wote walioandikishwa kwa namba. Baba yangu alizaliwa kambini kwenye shamba la mkonge, nami nikazaliwa kilomita chache kutoka hapo. Kwetu Kingoni kilibaki kwenye jina la ukoo na maneno machache ya matusi. Kwa hiyo nilipopangiwa Songea, ndugu waliniambia: "Unakwenda nyumbani." Nikafika nyumbani, nikatafuta gesti.

Jioni za gesti ni ndefu. Nikaanza kusoma kuhusu mji huu, kwanza ili nipate mifano ya kufundishia, baadaye kwa sababu sikuweza kuacha. Nilichokuwa nakitafuta bila kujua ni swali dogo: kwa nini mtu wa Songea alilala kambini Tanga miaka yote ile, na nani alilipia kitanda chake?

Jibu linaanzia kwenye neno kodi. Leo kodi ya nyumba ni fedha unayompa mwenye nyumba ili ukae kwake. Mwaka 1898 utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba ya aina nyingine: kila mwenye nyumba alipie nyumba yake mwenyewe, kiwango cha kawaida vijijini kikiwa rupia 3 kwa mwaka. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wameweka kituo chao cha kijeshi hapa Ungoni. Mtu alijenga nyumba yake kwa miti yake na nyasi zake, kisha akaambiwa atafute fedha ya kubaki ndani yake. Na fedha haikuwa kijijini.

Kilichofuata kila mtoto wa shule anakijua, ingawa tunakisoma kwa haraka mno. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea makumi ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni na kuwafukia katika kaburi moja. Siku chache baadaye wakamnyonga Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Kila mwaka mwezi Februari mji huwakumbuka, pale Makumbusho ya Majimaji. Tunazungumza kidogo zaidi kuhusu yaliyofuata: mashamba na maghala yaliyochomwa kwa makusudi, na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Waliobaki walikuwa na kodi ya kulipa na ghala tupu.

Waingereza walipokuja waliikuta Songea mbali na reli na mbali na bandari. Tumbaku ililimwa, na mwaka 1936 kikaanzishwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo cha kuiuza, huku Wamatengo wakiwa na kahawa yao Mbinga. Lakini haikutosha, na kwa wenye mashamba ya mkonge kule Tanga na Morogoro, umbali huu ulikuwa na faida. Mkoa usio na fedha hutoa watu. Mwaka 1944 wakaunda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, na Songea ikawa miongoni mwa sehemu walizozitegemea sana. Vijana ambao baba zao walikwenda kwa miguu sasa walipakiwa kwenye malori.

Manamba hakulipwa kwa mwezi wa kalenda. Alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyoumwa haikuhesabiwa, asiyemaliza kazi yake ya siku hakuhesabiwa, hivyo siku 30 zingeweza kuchukua wiki sita. Alipewa posho. Leo tukisema posho tunamaanisha fedha ya semina. Wakati huo posho ilikuwa chakula chenyewe, unga na maharage ya kupimiwa. Na alipewa pa kulala: vyumba vya mstari, kambini.

Kwa hiyo kitanda cha babu kilikuwa cha bure? Hapa ndipo niliposimama muda mrefu. Mshahara wa manamba ulikuwa mshahara wa kapera. Ulipangwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, kwa hoja kwamba mke na watoto wako kijijini, wanalima na kujilisha. Siku akizeeka au kuvunjika mguu atarudi huko huko, na kijiji kitamtunza. Gharama ya kulea kijana mpaka afikie umri wa kukata mkonge, na gharama ya kumtunza akishachoka, zote zilibebwa na Songea. Shamba lililipia katikati tu, miaka ya nguvu. Kitanda kilikuwa cha bure kwa sababu mwanamke mmoja Songea alikuwa analima peke yake.

Mfumo huo ulihitaji mtu abaki mgeni. Manamba akijenga, akioa, akipanda minazi, atadai mshahara wa mtu mwenye familia. Baba anasimulia kuwa babu alikataa kujenga hata baada ya kuruhusiwa. Alikunja mkeka wake kila asubuhi na kuuegemeza ukutani. "Mimi niko safarini," alisema. Alisema hivyo zaidi ya miaka 40.

Kwenye kambi hizo watu walijitengenezea njia za kutokuwa wageni kabisa. Njia kubwa ilikuwa utani. Wangoni na Wahehe walipigana vikali kati ya 1878 na 1882. Wajukuu zao walipokutana mkongeni waligeuza uadui ule kuwa mzaha wenye wajibu ndani yake. Mtani anakutukana hadharani, kisha anakupa pa kulala. Ukifa mbali na kwenu, mtani ndiye anayeshughulikia mazishi. Babu yangu alizikwa na watani. Ilikuwa bima ya watu wasio na bima.

Mwaka 1962 mambo yalikaribia kubadilika, na naupenda mwaka huo kuliko miaka mingine yote ya historia yetu. Waziri Mkuu wa Tanganyika alikuwa Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea, mtu aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, tangu 1955. Mwaka huo bodi ya kima cha chini cha mshahara, chini ya uenyekiti wa Chesworth, ilitoa taarifa yake, na viwango vipya vikaanza mwaka uliofuata. Nia ilikuwa kuachana na mshahara wa kapera, ili mfanyakazi aweze kuishi na familia yake mahali anapofanya kazi. Mwaka huo huo likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Na Nyerere, ambaye alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu ili akijenge chama, aliandika kijitabu chake cha Ujamaa, ndani yake akaiweka methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Methali hiyo hutumiwa kuwasema wavivu. Nikiwa gesti niliisikia tofauti. Jembe ni kazi, ni kweli, lakini pia ni ruhusa. Anayekupa jembe amekuonyesha shamba. Kuanzia siku ya tatu wewe si mgeni, unakula ulichokilima.

Songea iliwahi kufanya hivyo kwa maelfu. Vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji, Septemba 1964, watu walivuka mto Ruvuma wakiwa na watoto na mizigo kichwani. Makazi yao yalifunguliwa Muhukuru na Mputa, na Lundo kando ya ziwa. Walipewa ardhi, wakalima. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 wengi walirudi kwao. Wakimbizi wale hawakuwa na senti, na bado walipata shamba la kulima na kibanda cha kulala. Mimi nilikuwa na shahada na barua ya ajira.

Nini kilitokea katikati? Mengi, ila mawili yanagusa hesabu yangu moja kwa moja. Zamani mtumishi aliyehamishwa aliweza kutegemea nyumba ya Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliuza nyumba zake kwa maelfu, wanunuzi wakiwa watumishi wake waliokuwemo. Muda si mrefu wabunge na magazeti wakawa wanahoji kwa nini viongozi wapya wanaishi hotelini kwa fedha za umma wakisubiri nyumba. Kiongozi akikaa hotelini, analipiwa. Mtumishi mdogo anajilipia, hivyo hahesabiwi.

La pili ni sheria. Tulikuwa na sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo suala la kulipa miezi sita au mwaka likabaki kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na kila mtu anajua mazungumzo hayo humalizwa na nani. Simlaumu mwenye nyumba peke yake. Naye hana benki inayomwamini. Kodi ya mwaka ndiyo mkopo wake wa kuezeka chumba kinachofuata. Wote wawili tunatafuta fedha nzima, na mwenye njaa zaidi ndiye anayelipa kwa usiku.

Oktoba ulikuwa mwezi wa uchaguzi. Gesti zote za mji zilijaa watu wa kampeni, waandishi, wasimamizi. Jioni moja nilikuta begi langu limewekwa mapokezi, limefungwa vizuri, daftari za wanafunzi zimepangwa juu yake. Mzee mwenye nyumba mwenyewe alikuja kuomba radhi. Chumba changu kilikuwa kimechukuliwa kwa 15,000 kwa usiku, wiki mbili, fedha taslimu. "Nimekutafutia pa kujibanza, mwanangu. Kile cha nyuma, karibu na stoo. Bei ile ile." Hakuwa mkorofi. Miezi mitano alinipunguzia bei kila usiku. Lakini nilielewa kuwa miezi mitano haikuwa imenipa haki yoyote. Kila asubuhi nilikuwa nimetoka, kila jioni nilikuwa nimeingia. Daftari lilisema hivyo, na saini ilikuwa yangu.

Usiku ule, kwenye chumba kinachonuka sabuni na unga wa stoo, nilipiga simu kwa baba. Nilimuuliza kijiji cha babu. Alitaja jina la kijiji, na jina la dada wa babu ambaye hakuwahi kumwona. Nilikuwa nimekaa Songea miezi mitano bila kuuliza. Nadhani niliogopa. Babu alipoondoka alimwachia mtu jembe, na sikujua huyo mtu, au watoto wake, wangeniangalia vipi.

Haikuhitaji utafiti mkubwa. Mwalimu yule aliyenifundisha kudanganya alisikia jina la ukoo na la kijiji, akasema kuna mama wa ukoo huo Bombambili, anauza unga sokoni, ana vyumba vya uani. Tulikwenda Jumamosi moja. Yule mama alinihoji kama polisi: baba wa baba yako nani, mama yake nani, aliondoka na nani. Kisha akanyamaza. Akasema kwa Kingoni kitu ambacho sikukielewa, akakirudia kwa Kiswahili: "Huyo tulimsubiri sana." Mama yake, dada wa babu, alikuwa ameshafariki. Kwa mila, mimi ni mtoto wa kaka yake. Yeye ni shangazi yangu.

Alinipa chumba kwa 30,000, nilipe mwezi kwa mwezi, nianze Januari nikirudi kutoka likizo. Masharti yalikuwa mawili: nisiingize mtu asiyemjua, na mahindi ya uani nisaidie kupalilia. Nilipofanya hesabu ya mwisho, gesti ilikuwa imekula 1,540,000. Kwa kodi ya 35,000, ni miezi 44.

Nilifurahi, na bado nina neno. Nilipata chumba kwa sababu babu yangu ana jina hapa. Nilipokuwa naondoka gesti nilimwacha kijana wa Mara, nesi, mwezi wake wa nne, na mkandarasi msaidizi kutoka Kigoma. Wao hawana shangazi Bombambili. Babu naye Muheza hakuwa naye, alikuwa na watani tu. Mji unaomtegemea mtu awe na ukoo ili apate chumba kwa bei ya haki bado unaendeshwa kwa hesabu ya SILABU: gharama ya kumhifadhi mfanyakazi inasukumwa kwa ndugu, na asiye na ndugu anailipa kwa usiku.

Nilirudi Januari, nikalala pale usiku mmoja kuchukua vitu vyangu stoo. Asubuhi kaka wa mapokezi alibeba begi hadi kwenye bajaji, kisha akakumbuka daftari, akakimbia kulileta. Nilisaini nikiwa nimekaa ndani, daftari likiwa juu ya ndoo yangu mpya. Anatoka: gesti. Anakwenda: kwa shangazi.

Hakucheka. Alisema, "Karibu Songea, mwalimu."